Nani kaona nini kwanza: spinloki na mpangilio wa kumbukumbu ndani ya kerneli

xv6 ni kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ndogo ya MIT inayotumika kufundishia mifumo endeshi. Ukifungua faili la spinlock.c kwenye toleo lake la prosesa za RISC-V, utakuta kwamba kazi nzima ya kuachia kufuli, ukiacha ukaguzi wa mwanzo, ni mistari minne:

```
lk->cpu = 0;
__sync_synchronize();
__sync_lock_release(&lk->locked);
pop_off();
```

Mstari wa kwanza unafuta alama ya prosesa iliyokuwa imeshika kufuli. Wa tatu unaandika sifuri, maana yake kufuli liko wazi. Wa nne unazirudisha interapti (miito ya vifaa inayoikatiza prosesa) katika hali iliyokuwepo. Wa pili hausomi kitu na hauandiki kitu, wala hakuna thamani inayobadilika kwa sababu yake. Upo kwa ajili ya mpangilio peke yake: yote yaliyofanywa juu yake yaonekane kabla ya yaliyo chini yake. Ndio mstari ambao wasomaji wengi huuruka, na ndio unaobeba uzito wa mada yetu.

Tuanze na spinloki yenyewe. Ni namba moja tu kwenye kumbukumbu. Ikiwa 0, kufuli ni huru. Ikiwa 1, limeshikwa. Prosesa inayolitaka hutumia amri ya atomiki: inaweka 1 na papo hapo inapewa thamani iliyokuwepo, bila prosesa nyingine kuweza kupenya katikati. Ikipewa 0, imelipata. Ikipewa 1, inarudia tena na tena, inazunguka palepale hadi mwenzake aachie. Kerneli inakubali upotevu huo wa muda kwa sababu kuna sehemu ambazo kulala ni marufuku, kwa mfano ndani ya msimbo unaoshughulikia interapti.

Ukimuuliza mwanafunzi kazi ya kufuli, atakujibu kwamba ni kuhakikisha anaingia mmoja kwa wakati. Jibu ni sahihi, ila ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba anayeingia baada yako lazima aone kila ulichoandika ukiwa ndani. Ile nusu ya kwanza inamalizwa na amri moja ya atomiki. Hii ya pili ndiyo iliyowafanya wahandisi wa kerneli wabishane kwa miaka, na ndiyo inayotofautiana kutoka aina moja ya prosesa hadi nyingine.

Chukua kazi ya kugawa kurasa za kumbukumbu, ambayo xv6 huifanya kwenye kalloc. Kuna orodha ya kurasa huru. Prosesa A inashika kufuli, inasoma ukurasa ulio kichwani mwa orodha, inaandika kwamba kichwa sasa ni ukurasa unaofuata, kisha inaachia kufuli kwa kuandika 0. Tuseme ile 0 imewafikia wengine kabla ya kichwa kipya cha orodha. Prosesa B inaona 0, inashika kufuli kihalali kabisa, inasoma kichwa cha zamani na kuondoka na ukurasa uleule aliokwisha kuuchukua A. Sasa michakato miwili inaandika kwenye ukurasa mmoja. Rudi ukague: hakuna wakati ambapo prosesa mbili zilikuwa ndani ya kufuli pamoja. Ulinzi wa mmoja kwa wakati haukuvunjwa hata sekunde moja, na data imeharibika vilevile.

Wanaopangua ni wawili

Wa kwanza ni kompaila, programu inayotafsiri msimbo kuwa amri za mashine. Kwa macho yake, kuandika kichwa cha orodha na kuandika 0 kwenye kufuli ni maandishi mawili yasiyohusiana. Sheria za C zinamruhusu kuyapanga anavyotaka, ilimradi programu ya uzi mmoja itoe matokeo yaleyale. Anaweza pia kusoma thamani mara moja, akaiweka kwenye rejista na asirudi tena kwenye kumbukumbu. Dawa yake kwenye Linux inaitwa barrier(): kipande cha asembli kisicho na amri hata moja ndani yake, ila kinamtangazia kompaila kwamba kumbukumbu yote huenda imebadilika, hivyo asihamishe kitu kuvuka hapo. Kwa mashine haina gharama ya moja kwa moja, na ina thamani kubwa. Hata Linux ikijengwa kwa ajili ya mashine yenye prosesa moja, ambapo hakuna wa kushindana naye na spinloki yenyewe inatoweka kwenye msimbo, barrier() inabaki mahali pake.

Wa pili ni prosesa yenyewe, na barrier() haimgusi. Kuandika kwenye kumbukumbu ni kazi ya polepole, kwa hiyo prosesa haisubiri. Andiko linawekwa kwenye bafa ndogo ya uandishi, na kazi inaendelea wakati andiko linasubiri zamu ya kuingia kwenye kashe, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu na prosesa. Ni kama karani anayeandika barua na kuiweka kwenye trei ya kusubiri tarishi: yeye mwenyewe anajua kilichomo na anaweza kukirejelea wakati wowote, lakini ofisi ya jirani bado haijapata kitu. Upande wa kusoma nako kuna haraka zake. Prosesa husoma mapema thamani ambazo inakisia itazihitaji, mara nyingine kabla amri zilizotangulia hazijakamilika.

Matokeo yake yanaonekana kwenye jaribio dogo sana. x na y zote zinaanza na 0.

```
Prosesa A        Prosesa B
x = 1            y = 1
r1 = y           r2 = x
```

Ukikaa na kalamu ukajaribu kuzichanganya amri hizi nne kwa kila njia, utaona kwamba lazima angalau mmoja aone 1. Hiyo ndiyo hali ambayo Leslie Lamport aliieleza mwaka 1979: matokeo yawe kana kwamba amri zote za prosesa zote zilipangwa katika foleni moja, na kila prosesa ikaheshimu mfuatano wa programu yake. Kompyuta zinazouzwa haziahidi hivyo. Kwenye Intel na AMD za kawaida, r1 na r2 zinaweza zote kuwa 0, kwa sababu maandiko yote mawili yalikuwa bado kwenye bafa wakati usomaji unafanyika. Algoriti ya Peterson ya mwaka 1981, ile inayofundishwa darasani kama njia ya kujenga kufuli kwa kusoma na kuandika tu, inavunjika hapahapa isipowekewa kizuizi.

Kila prosesa ina kanuni zake za kile inachoruhusu kupanguliwa. Ukipanga kwa jozi, kuna njia nne: kusoma kisha kusoma, kusoma kisha kuandika, kuandika kisha kuandika, na kuandika kisha kusoma. Kwenye kumbukumbu ya kawaida, x86, yaani familia ya hizo Intel na AMD, inaruhusu hiyo ya mwisho tu ipanguliwe. ARM, POWER na RISC-V zinaruhusu zote nne pale ambapo amri moja haitegemei nyingine. Simu ya Android uliyonayo mfukoni inaendesha kerneli ya Linux, na karibu hakika juu ya ARM, kwa hiyo mtu asidhani kwamba upande huu mlegevu ni habari za mashine adimu za maabara. Jambo moja halipanguliki popote: kwa sehemu moja ya kumbukumbu, prosesa zote zinakubaliana juu ya mfuatano wa thamani zilizoandikwa hapo. Vurugu zote zinahusu sehemu mbili au zaidi.

Ahadi ya upande mmoja

Kizuizi kamili, ambacho Linux hukiita smp_mb(), kinakata kotekote: hakuna kinachopanda wala kushuka. Ni ghali, na kufuli halikihitaji. Kikundi cha Stanford kilichojenga mashine ya DASH, akiwemo Kourosh Gharachorloo, kilieleza mwaka 1990 kwamba kufuli linahitaji ahadi mbili za upande mmoja. Wakati wa kutwaa kufuli, amri zilizo baada ya kutwaa zisitangulie mbele yake. Wakati wa kuachia, amri zilizo kabla ya kuachia zisichelewe nyuma yake. Kwa maneno mengine, cha ndani kisitoke.

Angalia kilichoachwa nje ya ahadi. Hakuna aliyesema kwamba cha nje kisiingie. Amri iliyoandikwa kabla ya spin_lock inaruhusiwa kuteremka ndani ya kufuli, na iliyoandikwa baada ya spin_unlock inaruhusiwa kupanda ndani. Kwa usalama wa data iliyolindwa hakuna hasara, kwani kufanya kazi ya ziada ukiwa umeshika kufuli hakumdhuru mtu. Lakini fuata hoja hadi mwisho wake:

```
x = 1
spin_lock(&a)
spin_unlock(&a)
r = y
```

Kuandika x kunateremka ndani. Kusoma y kunapanda ndani. Wakishakutana humo ndani, hakuna kinachowazuia kupishana, na mtazamaji wa nje akaona y imesomwa kabla x haijaandikwa. Jozi ya kushika na kuachia kufuli si kizuizi kamili. Ningekuwa na nafasi ya kumwachia msomaji jambo moja tu kichwani, ningemwachia hilo, kwa sababu dhana ya kinyume chake inaingia akilini kirahisi mno. Mtu anaona neno kufuli na anajisikia salama kwa kila kitu kilicho jirani na kufuli.

Na kuna sharti jingine ambalo husahaulika mara nyingi: ahadi hii ni baina ya wale wanaoshika kufuli lilelile. Prosesa inayochungulia data bila kushika kufuli haikuahidiwa chochote.

Mzozo wa 1999

Hakuna mfano ninaoupenda kuliko wa jinsi Linux ilivyokuja kuachia kufuli kwenye x86, maana unaonyesha kwamba hata waliojenga nyumba walihitaji kuuliza msingi umekaaje.

Hadi Novemba 1999, spin_unlock kwenye x86 ilitumia amri yenye kiambishi cha lock, ambacho kwenye prosesa hizo ni kizuizi kamili. Manfred Spraul, mmoja wa wachangiaji wa kerneli, akapendekeza kuandika 0 kwa mov ya kawaida, bila kiambishi chochote. Kwa vipimo vyake, gharama ilishuka kutoka takriban mizunguko 22 ya prosesa hadi 1. Mchangiaji mwenzake, Ingo Molnar, akaona nafuu ya asilimia 4 kwenye kipimo kimoja, kiasi kikubwa mno kwa badiliko la amri moja.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikataa, tena kwa ukali. Hofu yake ilikuwa ya kitaalamu na ilikuwa na maana: vipi kama usomaji ulio ndani ya kufuli utacheleweshwa hadi baada ya ile 0 kuonekana? Prosesa nyingine itakuwa imeshaingia na kubadilisha data, na msomaji wetu atapata thamani ya wakati ambao si wake. Majaribio kupita hakukumridhisha, na hapo alikuwa na haki kabisa. Jaribio la mpangilio wa kumbukumbu linaweza kupita mara bilioni kwenye mashine moja na bado msimbo ukawa mbovu.

Suluhisho halikutoka kwenye vipimo. Lilitoka kwa Erich Boleyn, mmoja wa wasanifu wa prosesa ndani ya Intel, aliyeeleza kwamba kwenye familia hiyo andiko haliwi wazi kwa wengine kabla usomaji uliotangulia haujakamilika, na maandiko hutoka kwa mfuatano wake. Yaani zile jozi tatu zinazohitajika ili cha ndani kisitoke tayari zinatunzwa na vifaa vyenyewe. Kilichobaki ni kumzuia kompaila, na hiyo ni kazi ya barrier(). Torvalds alibadilisha msimamo wake, na mov ikaingia kwenye kerneli.

Kulikuwa na doa. Baadhi ya Pentium Pro za awali zilikuwa na hitilafu za vifaa zilizovuruga mpangilio huo, kwa hiyo Linux ilibaki na chaguo maalumu la kujengea kerneli yao kwa amri ya zamani yenye lock. Chaguo hilo liliondolewa mwaka 2018. Intel nayo ilitoa maelezo rasmi ya mpangilio wa kumbukumbu mwaka 2007, miaka minane baada ya mzozo. Miaka hiyo yote msimbo wa kufuli, kitu kinachopitiwa mara nyingi ajabu kila sekunde, uliegemea maelezo ya mtu anayejua na tabia ya prosesa zilizokuwepo. Kwangu mimi hili ni jambo zito. Kanuni za kumbukumbu ni sehemu ya mkataba wa prosesa kama ilivyo maana ya amri ya kujumlisha, na zilistahili kuandikwa tangu mwanzo.

Baada ya hapo algoriti ya spinloki yenyewe ilibadilishwa mara mbili kwenye x86: mwaka 2008 zikaja za tiketi ili anayefika kwanza ahudumiwe kwanza, na mwaka 2015 zikaja za foleni ili wanaosubiri wasigombee mstari mmoja wa kashe. Hizo ni habari za haki na kasi. Ahadi ya mpangilio haikuguswa.

Kufuli linaloonekana limechelewa kufungwa

Kwenye ARM ya biti 64 mambo yameandikwa ndani ya amri zenyewe. LDAXR inasoma huku ikibeba ahadi ya kutwaa, STLR inaandika huku ikibeba ahadi ya kuachia. Huhitaji amri ya pembeni ya kizuizi. POWER inafuata njia nyingine: kabla ya kuandika 0 inatoa lwsync, kizuizi chepesi kinachotunza jozi zote isipokuwa kuandika kisha kusoma. Kizuizi chake kizito kinaitwa sync, nacho ni ghali kiasi kwamba watu wa POWER wamepigania kwa miaka kisiwekwe kwenye kila kufuli.

Kwenye ARM kuna jambo linalomshangaza kila anayelikuta mara ya kwanza. Ahadi ya kutwaa imefungwa kwenye usomaji wa LDAXR. Uandishi wa 1, unaofanywa na amri inayofuata, hauna ahadi hiyo. Kwa hiyo amri za kusoma zilizo ndani ya kufuli zinaweza kutekelezwa kabla ile 1 haijaonekana na wengine. Kwa wanaogombea kufuli kwa amri za atomiki hakuna hatari, kwani kwa sehemu ile moja ya kumbukumbu ni mmoja tu atakayefanikiwa. Lakini anayechungulia kwa kusoma tu, akiuliza kama kufuli limeshikwa, anaweza kujibiwa kwamba ni huru wakati mwenzake ameshaanza kusoma data ndani.

Linux ilikuwa na kitendaji kilichotegemea uchunguliaji huo: spin_unlock_wait, cha kusubiri kufuli liachiwe bila kulishika. Waandishi wa msimbo hawakukubaliana kinaahidi mpangilio gani, na kila aliyekitumia alidhani lake. Mwaka 2017 kikaondolewa kabisa, na waliokihitaji wakaambiwa washike kufuli na kuliachia kama wengine. Naona ulikuwa uamuzi bora, hata kama uligharimu mizunguko kadhaa.

Mchakato usioamka

Mahali ambapo nadharia hii inauma kweli ni kwenye kulala na kuamsha. Nimefupisha msimbo wa Linux hadi uti wa mgongo wake:

```
Anayelala                    Anayeamsha
hali = AMELALA               kazi_ipo = 1
kizuizi kamili               spin_lock(&p->pi_lock)
kama kazi_ipo == 0: lala     kama hali == AMELALA: mwamshe
```

Anayelala anatangaza kwamba analala, halafu anaangalia kwa mara ya mwisho kama kuna kazi. Anayeamsha anaweka kazi, halafu anaangalia kama mwenzake amelala. Mpango ni kwamba hata wakifanya hivyo kwa pamoja, angalau mmoja atamwona mwenzake: ama anayelala ataona kazi na asilale, ama anayeamsha ataona usingizi na kuamsha.

Sasa linganisha na lile jaribio la x na y. Ni lilelile. Kila upande unaandika sehemu moja kisha unasoma nyingine. Upande wa kushoto una kizuizi kamili, na kwenye kerneli kimo ndani ya set_current_state. Upande wa kulia una spin_lock katikati, ya kushika pi_lock, kufuli la mchakato unaoamshwa, na hapo ndipo jicho linapodanganyika. spin_lock inahakikisha kwamba kusoma hali hakutangulii kushikwa kwa kufuli. Haisemi chochote kuhusu kazi_ipo = 1 iliyoandikwa kabla yake. Andiko hilo linaweza kubaki kwenye bafa, kufuli likashikwa, hali ikasomwa na kukutwa bado ni ya macho, anayeamsha akaondoka zake. Wakati huohuo anayelala amesoma kazi_ipo na kukuta 0. Analala. Kazi ipo, wa kuifanya yupo, na hakuna atakayemwamsha.

Ukiangalia kwa amri ya ps utamwona yuko katika hali ya S, usingizi wa kawaida, hana dalili ya ugonjwa. Ukimtumia ishara asiyoizuia wala kuipuuza, usingizi unakatika na ushahidi unapotea. Hakuna ujumbe wa kosa wala kerneli kuanguka. Ndiyo maana try_to_wake_up kwenye Linux, mara tu baada ya kushika pi_lock, ina mstari mmoja: smp_mb__after_spinlock(). Unageuza kushika kufuli kuwa kizuizi kamili. Kwenye x86 hautoi amri hata moja, kwa sababu amri ya atomiki ya kushika kufuli tayari ni kizuizi kamili. Kwenye ARM ya biti 64 unatoa dmb, amri yake ya kizuizi, kwenye POWER unatoa sync. Mtu aliyejaribu msimbo wake kwenye kompyuta ya Intel pekee anaweza kuusahau mstari huo na asione tatizo maisha yake yote. Atakayeliona ni mtumiaji mwenye mashine tofauti.

Kifaa kilicho upande wa pili wa basi (njia ya data)

Kumbukumbu si mahali pekee pa kuandika. Dereva, yaani programu inayoendesha kifaa, huandika pia kwenye rejista za vifaa, kama kadi ya mtandao, na mara nyingi hufanya hivyo ndani ya spinloki ili maagizo ya prosesa mbili yasichanganyike. Kwenye baadhi ya mashine hilo halikutosha. Prosesa A ilikuwa inaandika kwenye kadi, inaachia kufuli, B inashika na kuandika pia, kisha andiko la B linafika kwenye kadi kwanza, kwa sababu njia ya kwenda kwenye kifaa si njia ya kashe na ina bafa zake.

Kwa muda mrefu dereva alitakiwa kuita mmiowb() kabla ya kuachia kufuli. Sharti hilo lilikuwa kwenye nyaraka, ila madereva wengi waliandikwa na watu wenye x86 mezani, ambako kukosekana kwake hakukuonekana. Mwaka 2019, kwenye Linux 5.2, mhandisi wa kerneli Will Deacon aliuondoa mzigo huo mabegani mwa madereva: usanifu wa prosesa unaohitaji kizuizi hicho unakiweka wenyewe ndani ya spin_unlock, pale tu ambapo kulikuwa na uandishi wa kifaa. Niliposoma badiliko hilo nilifurahi. Sharti ambalo wengi hawawezi kulitimiza kwa sababu hawalioni lilihamishwa kwa wachache wanaolijua.

Kupima bila mashine

Kwa kuwa majaribio ya kawaida hayathibitishi kitu hapa, watu wa kerneli walitengeneza njia nyingine. Tangu mwaka 2018, ndani ya chanzo cha Linux kuna folda ya tools/memory-model. Humo kanuni za mpangilio zimeandikwa kihisabati, zikiwemo za spinloki. Unaandika mfano mdogo kama ule wa x na y, ukitumia spin_lock, smp_mb na wenzao, unaupa programu ya herd7, nayo inapitia kila mpangilio unaoruhusiwa na kukuambia kama matokeo unayoyaogopa yanawezekana. Haijibu kwa prosesa yako tu. Inajibu kwa ahadi ambayo Linux inaitoa kwenye kila usanifu inaoutumikia.

Anza na ule mfano wa anayelala na anayeamsha: uandike bila smp_mb__after_spinlock, uangalie jibu, kisha uuongeze. Mara ya kwanza utaambiwa kwamba wote wawili kukosana kunawezekana. Mara ya pili, kamwe.

Ukifika mahali pa kuongeza kizuizi kwenye msimbo halisi, checkpatch.pl, ile skripti inayokagua mabadiliko kabla hayajatumwa, itakuonya kama hukukiandikia maelezo pembeni. Maelezo yanayosema tu kwamba hapa kuna kizuizi hayamsaidii mtu. Andika ni andiko gani lisilopaswa kupitwa na usomaji gani, na utaje kitendaji kilicho na kizuizi cha upande wa pili, maana kizuizi cha upande mmoja bila mwenzake hakizuii chochote. Atakayekuja miaka kumi baadaye kutafuta kasi, akikuta amri ghali isiyo na maelezo, ataifuta, na kwenye mashine yake majaribio yote yatapita.